Usimpe bado vile vidonge

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeuliza kama shangazi yako anywe vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, alivyoandikiwa baada ya hedhi kukoma, maana hari inampanda usiku mpaka kanga inarowa, na majirani wanamtisha kwamba vinaleta saratani ya titi.

Kuna la kutazamwa kabla ya titi. Shangazi yako hajatolewa kizazi. Estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani ya kizazi, na ukiachwa uzidi kunenepa unaweza kugeuka saratani. Homoni ya pili, projesteroni, ndiyo inayouzuia. Hunywewa kila siku, au siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Kwenye picha ya cheti uliyonitumia siioni. Arudi kwa daktari akaulize, na asimeze hata kimoja kabla ya hapo.

Hofu ya majirani ina asili yake. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha utafiti wa homoni hizo mbili: kwa kila wanawake 10,000, kila mwaka walizidi kama 8 wenye saratani ya titi kuliko wasiozinywa, na kiharusi na damu kuganda navyo viliongezeka. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa 63. Shangazi yako ana 51, hedhi imekatika mwaka na nusu tu. Kwa aliye chini ya 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida ndiyo kubwa: hari hupungua, usingizi hurudi, mifupa haiishi nguvu upesi. Ila asinywe kwa nia ya kukinga moyo. Kazi hiyo si yake.

Kidonge hupita kwenye ini kwanza, na hapo ndipo damu inapochochewa kuganda. Kiraka cha estrojeni cha kubandika ngozini hakipiti huko, kwa hiyo akikipata ni bora. Hubandikwa chini ya kitovu au kwenye tako, kamwe si kwenye titi, na vingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Ngozi iwe kavu: akishajipaka mafuta ya nazi hakishiki.

Muulize faragha, maana mbele ya watu hatosema: amewahi kupata saratani ya titi, kiharusi, shambulio la moyo, ugonjwa wa ini, au damu kuganda mguuni? Na tangu hedhi ikome, ameona damu, hata tone? Likiwepo mojawapo, homoni zisubiri, daktari aambiwe kwanza. Akishaanza, mguu mmoja ukivimba au pumzi zikimbana ghafla, hospitali siku hiyo hiyo.

Mpime presha asubuhi kabla hajatoka, uandike nyuma ya cheti.

Mama yako
Wete