Unapima Wimbi la Redio au Kichujio cha Analaiza?

Swali: Ninatengeneza redio za mawasiliano za VHF hapa Kondele, Kisumu, hasa za kampuni za ulinzi. Chaneli ina upana wa kHz 12.5, lakini nikiweka maka mbili (alama za kusomea vipimo) kwenye analaiza ya spektra, yaani kifaa kinachochora nguvu ya wimbi kwa kila masafa, pale mchoro unaposhuka desibeli 3 kila upande wa kilele, ninapata karibu kHz 30, hata kama hakuna anayezungumza. RBW, yaani upana wa kichujio cha ndani cha analaiza, nimeiweka kHz 30. Je, redio ni mbovu?

Jibu: Ndugu fundi, usiifungue redio hiyo bado. Wimbi bebezi lisilo na sauti ni jembamba mno, na mchoro uliouona ni umbo la kichujio cha ndani cha analaiza, ambacho upana wake kwa kawaida hutajwa papo hapo penye desibeli 3. Punguza RBW hadi kHz 10, nawe utaona upana unashuka hadi karibu kHz 10 ilhali redio hujaigusa.

Weka SPAN (upana wa masafa yanayoonekana kwenye skrini) ya kHz 50, na RBW iwe kati ya asilimia 1 na 3 ya upana unaoutarajia, yaani Hz 100 au 300 kwa redio hii. Mchoro utachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kichujio chembamba huchelewa kutulia. Ukiulazimisha uende haraka, kilele kitapungua na kusogea kando.

Mahali pa kuweka maka ndipo penye uzito. Kipimo cha desibeli 3 kinafaa vichujio na vikuza sauti, bali kwa redio ya FM hutumika sana kile cha desibeli 26. Weka maka ya kwanza kwenye kilele cha wimbi kabla ya sauti kuingia, uandike kiwango chake, kisha ingiza toni ya kHz 2.5 yenye mchepuko (kiasi ambacho sauti husogeza masafa ya wimbi kila upande) wa kHz 2.5. Utaona mistari iliyoachana kwa kHz 2.5, ikiwa jozi jozi pande mbili za wimbi bebezi: jozi ya pili iko takriban desibeli 19 chini ya kiwango ulichoandika, na ya tatu takriban 34. Jozi ya mwisho iliyo juu ya mpaka wa desibeli 26 ni ya pili, kwa hiyo maka ya delta (inayosoma tofauti kati ya alama mbili) kutoka mstari mmoja wa jozi hiyo hadi mwenzake wa upande wa pili itasoma kHz 10. Kwa mazungumzo yenye sauti hadi kHz 3, kanuni ya Carson (mara mbili ya jumla ya mchepuko na masafa ya juu ya sauti) hutoa 2 × (2.5 + 3), yaani kHz 11. Hapo tumia MAX HOLD, inayobakiza kiwango cha juu kilichofikiwa, kwa sababu sauti ya mtu hubadilika kila mara.

Kama analaiza yako ina kipimo cha asilimia 99 ya nguvu, kitumie pia, kwani Kanuni za Redio za ITU (Shirika la Kimataifa la Mawasiliano) huueleza upana unaokaliwa kwa kuacha asilimia 0.5 ya nguvu nje ya kila ukingo.

Tafadhali usiunganishe redio ya wati 25 moja kwa moja. Analaiza nyingi huvumilia wati 1 tu, hivyo atenueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 40 inayoweza kubeba nguvu hiyo ni lazima. Halafu ongeza desibeli 10 kwenye atenueta ya ndani: mistari ya pembeni ikipungua ikilinganishwa na kilele, ilikuwa imezalishwa na analaiza iliyozidiwa, wala si redio ya mteja.