Wanafunzi Wapime Mzunguko wa Jua Wenyewe

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha nne. Tukifika kwenye astronomia, wanafunzi wangu hukariri majina ya sayari, basi. Natamani wafanye utafiti kwa data halisi, lakini shule haina darubini na intaneti ni ya simu yangu tu. Nianzie wapi?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anzia kwenye Jua. Chombo cha NASA, Solar Dynamics Observatory, kinalipiga picha tangu 2010, na picha zake ni za bure. Pakua za siku kumi mfululizo, moja kwa kila siku, saa ileile, uzichapishe. Wape wanafunzi karatasi hizo, rula na swali moja: Jua hujizungusha kwa siku ngapi?

Kanuni usiwape. Waache wabishane namna ya kupima doa jeusi la kwenye uso wa Jua, linalosogea juu ya tufe kadiri Jua linavyojizungusha, maana karibu na ukingo huonekana likijikokota na katikati likikimbia. Hapo sine na kosine walizozilalamikia zitapata kazi.

Wakifuata doa la karibu na ikweta ya Jua watapata kama siku 27. Kitabu kitasema 25. Nakusihi, usiwakoseshe! Dunia nayo inalizunguka Jua kuelekea upande uleule, kwa hiyo doa huhitaji siku mbili hivi zaidi ili kurudi mbele yetu. Usiwaambie, waulize tu sisi wenyewe tumesogea kiasi gani katika siku hizo, kisha nyamaza.

Kundi lililofuata doa la mbali na ikweta litapata siku nyingi zaidi kidogo, na watatuhumiana. Huenda wote wako sahihi: Jua ni gesi ya moto, na ikweta yake huzunguka upesi kuliko sehemu za kuelekea ncha. Richard Carrington wa Uingereza alilibaini hilo karne ya 19 kwa kufuatilia madoa hayohayo. Lakini tofauti yenyewe ni kama siku moja, nayo rula inaweza kukosea kiasi hicho. Wapime tena, wachukue wastani, wajiridhishe. Mimi alama nyingi huziweka hapo, kwenye daftari la vipimo, kuliko kwenye jibu.

Mwanafunzi yeyote asilitazame Jua lenyewe, kwa macho wala kwa darubini, picha zinatosha. Na chagua tarehe za 2024, madoa yalikuwa tele. Mwaka 2019 siku nyingi hakukuwa na hata moja.