Deni la bandarini linahesabiwa kwa saa ya nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko watano hapa Lindi mjini, kila Jumapili tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika. Mimi ndiye msimulizi, wenzangu ni mabaharia wa chombo cha anga za mbali. Kanuni tumejitungia wenyewe: chombo kinakwenda mara kumi ya kasi ya nuru. Walikopa fedha za mafuta bandarini, wakaahidi kulipa ndani ya siku 30, wakaenda hadi nyota ya Proxima Centauri na kurudi. Rubani anadai ukiipita kasi ya nuru muda unarudi nyuma, kwa hiyo wamefika kabla hawajakopa, hawadaiwi. Mwenzake anasema muda ndani ya chombo unasimama. Tulibishana mpaka mchezo ukavunjika. Nani yuko sahihi, na mimi nihesabu vipi?
Msimulizi, Lindi

Jibu: Marahaba. Wote wawili wamekosea, na deni liko palepale.

Najua rubani wako kalitoa wapi neno lake, maana hata wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mtwara huteleza papo hapo. Nadharia ya uhusianifu aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905 inatupa hesabu fupi. Chukua kasi ya chombo, igawe kwa kasi ya nuru. Jibu lizidishe kwa lenyewe, litoe kwenye moja, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utakachopata ni sehemu ya saa anayoiishi baharia kwa kila saa moja ya waliobaki nyumbani. Chombo kikienda asilimia 80 ya kasi ya nuru, una 0.8, mara yenyewe ni 0.64, ukitoa kwenye moja inabaki 0.36, kipeuo chake 0.6. Saa moja ya bandarini ni dakika 36 za chombo.

Sasa weka kumi badala ya 0.8. Kumi mara kumi ni 100, moja toa 100 ni hasi 99. Rubani ameiona ile alama ya kutoa akadhani saa inakwenda kinyumenyume. Lakini hajamaliza hesabu: bado kipeuo cha pili, na kipeuo cha hasi 99 si namba hasi. Hakimo kabisa katika namba tunazosomea saa. Fomula haijasema muda unarudi, imesema swali hilo usiniulize mimi. Na huyo wa muda kusimama anazungumzia kasi ya nuru yenyewe, ambapo jibu ni sifuri. Chombo chenye uzito hakifiki hapo. Kinaweza kusogea karibu tu.

Chini ya kasi ya nuru ndiko fizikia inakokupa utamu wa bure, usiutupe. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria za kawaida na saa za atomu, wakaizunguka dunia upande wa mashariki kisha upande wa magharibi. Zilizokwenda mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde kama 59, za magharibi zimetangulia kama 273; nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kiasi kidogo, ila kinapimika. Mezani kikuze. Tuseme Kulwa na Doto wana miaka 30. Doto anabaki Lindi, Kulwa anakwenda Proxima Centauri, miaka ya nuru 4.24 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kurudi, kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru. Lindi inapita miaka 10.6, ndani ya chombo 6.4. Kulwa anateremka na miaka 36, pacha wake ana 40 na ushee. Kwenye mchezo wetu wa hapa Mtwara tulipofika hapo hesabu zilisahaulika. Ubishi ukawa nani amwamkie nani shikamoo, na jioni nzima ikaishia humo. Sikuingilia.

Rudi kwenye mwendo wenu wa mara kumi. Kwa kuwa fomula imekaa kimya, msimulizi ndiye anayeamua, na mimi nakushauri uamue hivi: saa ya chombo na saa ya bandari ziende sawa. Wala huo si ushauri wa mvivu. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Meksiko, Miguel Alcubierre, alionyesha kimahesabu jinsi chombo kinavyoweza kukaa ndani ya povu la anga, anga ya mbele inajikunja, ya nyuma inajitanua, na povu zima likaipita nuru ilhali chombo chenyewe kimetulia ndani yake. Katika hesabu hizo, saa iliyo katikati ya povu inakwenda sambamba na saa za alikotoka na anakokwenda. Kulwa na Doto wanabaki pacha. Tatizo ni kwamba povu linadai nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna ajuaye pa kukipata, lakini wewe una dadu, huhitaji kiwanda.

Njia ya pili ni kuachana na kasi kabisa. Mchezo wa Traveller, uliotoka Marekani mwaka 1977, una kanuni ninayoipenda kuliko zote: kila mruko, yaani safari moja ya kutoka nyota hadi nyota, unachukua kama wiki moja, uwe mfupi au mrefu, kuanzia parseki moja hadi sita kulingana na injini. Parseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Sisi watu wa pwani jambo hili hatulishangai. Nahodha wa jahazi aliyetoka Mikindani na kusi kwenda kaskazini hakuhesabu maili peke yake; hata akiwahi kufika, kurudi ni mpaka kaskazi ivume. Safari ina muda wake, na muda huo unaendesha mambo mengine yote: chakula, mishahara, mizigo inayooza, na habari. Katika mchezo huo hakuna simu inayoipita nuru, hivyo habari za deni zinasafiri ndani ya chombo kama barua. Mdaiwa mwenye injini nzuri anaweza kutangulia mbele ya sifa yake mbaya. Hapo una visa vya miezi mitatu.

Mara kumi ya kasi ya nuru, kwa siri yetu, ni mwendo wa kobe. Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wamekuwa wakizitazama kujua majira, ziko kama miaka ya nuru 440. Kwa chombo chenu ni miaka 44 kwenda tu. Kwa miruko ya parseki sita ni wiki 23, ukiacha siku za kujaza mafuta.

Lipo jambo moja ambalo rubani amelinusa bila kulijua. Kama nuru inapitika, na kila chombo kina haki ya kutumia saa yake kuamua lipi limetangulia, basi kweli inawezekana kupanga safari mbili, kwa kupitia kituo kinachokwenda kasi sana, ukarudi nyumbani kabla hujaondoka. Huko ukiwaachia mlango hutaufunga tena. Dawa yake ni kutangaza kwamba miruko yote ya ulimwengu wenu inapimwa kwa saa moja ya bandari mama, mtu asitumie nyingine. Tunafanya hivyo kila siku: jua linachomoza Mtwara kama dakika 40 kabla halijachomoza Kigoma, lakini kesi ya saa tatu asubuhi ni saa tatu ya Tanzania nzima, na hakimu hamuulizi mtu jua lake lilitoka lini.

Mwendo wa kawaida kutoka sayari hadi mahali pa kurukia usikusumbue. Chombo kikiongeza kasi siku nzima kwa kiasi kile cha jiwe linaloanguka, kitafika kilomita 847 kwa sekunde, na hata kwa kasi hiyo saa yake inachelewa theluthi tu ya sekunde kwa siku. Usiandike.

Cha kuandika ni hiki. Daftari langu lina safu mbili, kushoto saa ya chombo, kulia saa ya bandari, na kila mruko una mstari wake. Ukurasa ulio mbele yangu sasa unasomeka: "Mruko wa 3. Chombo siku ya 22, bandari siku ya 22. Korosho 4 zimebaki, 1 imeliwa." Korosho ndizo mafuta yetu, kila moja mruko mmoja, na kila Jumamosi hakosekani baharia wa kula akiba ya chombo. Safu mbili zikisomeka sawa mwezi mzima utaona ni kazi bure, ila siku mtu atakapokwenda asilimia 99 ya kasi ya nuru kwa sababu injini ya mruko imekufa, safu ya kushoto itasoma miezi saba na ya kulia miaka minne na zaidi, nawe utashukuru.

Mabaharia watakuuliza pia saa za humo ndani, maana saa yetu ya Kiswahili inaanza na jua na chombo hakina jua. Wape zamu kama za meli, saa nne kazini na nane mapumziko. Kituo cha Kimataifa cha Anga huona macheo kama 16 kwa siku, kwa hiyo wameyapuuza; wanafuata saa ya kimataifa, kwetu ikiwa saa sita mchana kwao ni saa tatu asubuhi.

Sasa deni. Miaka ya nuru 4.24 kwa mwendo wa mara kumi ni siku 155, kwenda na kurudi 310. Mkopeshaji alikopesha kwa saa ya bandari, kwa hiyo anadai kwa saa ya bandari, na ukifuata ushauri wangu saa ya chombo inasoma hivyohivyo. Wamechelewa siku 280. Kama mlitaka wapate nafasi ya kulipa, tumia wiki ya mruko: siku saba kwenda, nne bandarini, saba kurudi, wanatia nanga siku ya 18 wakiwa na siku 12 mkononi. Rubani akiendelea kubisha, mpe penseli atafute kile kipeuo mwenyewe.