Chenso inavuja petroli? Usianze na kabureta

Asubuhi moja niliinyanyua chenso yangu, msumeno wa injini, nikakuta ubao niliouwekea umelowa, na stoo nzima inanuka petroli. Usiku kucha ilikuwa imezimwa, kifuniko cha tangi kimekazwa, hakuna aliyeigusa. Nilipofungua kava la juu niliona kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, imelowa upande wa chini, nikatoa hukumu papo hapo: kabureta imekufa. Nikanunua mpya, nikaifunga. Siku ya tatu ubao ukalowa tena.

Petroli ilikuwa inatoka kwenye mpira. Mpira wa mafuta ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale unapovikwa kwenye kinywa cha kabureta, upande wa nyuma ambao huuoni mpaka uukunje kwa kidole. Tone lilitoka kwenye ufa, likatambaa chini ya kabureta na kudondoka kutoka hapo. Ukitazama kwa juu, ungeapa kuwa kabureta ndiyo inayovuja. Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja ndicho kilichokuwa kinahitajika tangu mwanzo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kabureta yake inavuja, namwomba aweke bisibisi chini kwanza, tutafute petroli inakotokea.

Acha injini ipoe kabisa. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, sigara na kila kitu kinachotoa cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kabla hujausikia puani, hivyo moto ulio hatua kadhaa kutoka ulipo bado ni hatari. Chomoa kofia ya plagi.

Hakikisha pia kuwa unachokiona ni petroli kweli. Chenso nyingi huacha doa la oili ya mnyororo zikiwekwa, na watu wamefungua kabureta nzima kwa sababu ya doa hilo. Oili ya mnyororo ni nzito, inanata, na kesho bado ipo. Petroli hukauka haraka ikaacha utando mwembamba wa ile oili inayochanganywa kwenye petroli ya chenso. Kidole na pua vinatosha kuamua.

Baada ya hapo futa kila kitu kikauke: kabureta, sehemu iliyo chini yake, mipira, kuzunguka tangi. Tumia brashi kuondoa vumbi la mbao lililoganda, kwa sababu vumbi hilo hunyonya petroli na kuisambaza mbali na inapotoka. Jaza tangi nusu, weka chenso juu ya kadibodi safi mahali penye joto la kawaida, kisha rudi kila baada ya dakika chache ukiwa na tochi. Unatafuta tone la kwanza. Ukichelewa mpaka kila kitu kilowe, umerudi ulikoanza.

Kama inavuja ukiilaza ubavu tu, angalia mpira wa duara wa kifuniko cha tangi. Kama ina kile kibofu cha plastiki cha kupampia mafuta, kibonyeze mara kadhaa na uangalie ukingo wake. Plastiki yake hukakamaa na kupasuka. Mpira wa mafuta ukunje urefu wake wote, hasa unapopenya kwenye ukuta wa tangi na unapoingia kwenye kabureta. Ukikuta umekuwa mgumu kama plastiki, au unanata mkononi, badilisha hata kama hujaona ufa.

Ikiwa hayo yote ni mazima, sasa tuizungumzie kabureta yenyewe.

Kabureta ya chenso haina boya wala bakuli la mafuta kama ya pikipiki, kwa sababu lazima ifanye kazi hata mashine ikiwa imelala au imepinduliwa. Mahali pa boya pana diaframu, kiwambo chembamba kinachovutwa na mvuto wa injini. Diaframu inasukuma wenzo mdogo, wenzo unanyanyua sindano, petroli inaingia. Mvuto ukikoma, springi ndogo chini ya wenzo inairudisha sindano kwenye kiti chake na mlango unafungwa.

Sasa fikiria: kwenye chenso nyingi kabureta iko juu kuliko mafuta yaliyomo tangini. Kwa nini basi petroli ipande yenyewe wakati injini imezimwa? Kwa sababu kitundu cha kupumulia cha tangi mara nyingi ni vali ya upande mmoja, inaruhusu hewa kuingia lakini haiachi kitu kutoka. Tangi likipata joto, presha inajengeka ndani na kusukuma petroli kwenye mpira. Ndiyo ile sauti ya "fsss" unapofungua kifuniko. Presha hiyo ni ya kawaida, na sindano nzima inaizuia. Sindano ikiwa mbovu au ina uchafu, petroli inapita, inajaza kabureta, inalowesha chujio la hewa au inashukia kwenye injini. Kwa hiyo chujio la hewa lililolowa petroli asubuhi, kwangu mimi, ni ishara ya sindano kabla ya kitu kingine chochote.

Miaka kadhaa baada ya ule mpira, chenso hiyohiyo ilinipa dalili hiyo hasa. Nilifungua kifuniko cha upande wa diaframu, nikaitoa taratibu, nikaona wenzo na pini yake iliyoshikwa na skrubu moja ndogo. Hapo weka kidole juu ya wenzo kabla ya kulegeza skrubu, maana springi inaruka na ukiipoteza kazi imesimama. Sindano ilikuja na wenzo wake. Kwa macho tu ilionekana mpya. Nikaichukua kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama kwa kioo cha kukuzia: kwenye ncha kulikuwa na duara jembamba lililozama, kama alama inayobaki kidoleni baada ya kuvua pete, na kando yake punje moja ya uchafu isiyozidi chembe ya chumvi. Hiyo tu. Punje hiyo ndiyo iliyokuwa inamwaga tangi langu.

Ncha ikishakuwa na duara kama hilo, badilisha sindano, usijaribu kuisugua. Kiti chake kisafishe kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti na kulowekwa kidogo dawa ya kusafishia kabureta. Usiingize waya wala sindano ya kushonea, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye kiti hautibiki. Na dawa hiyo isiguse diaframu wala ncha ya mpira ya sindano; huvimbisha mpira.

Diaframu nayo huvuja kwa namna zake mbili, na ukizijua hutababaishwa. Kifuniko cha upande wa sindano kina kitundu kidogo cha hewa. Petroli ikidondoka kwenye kitundu hicho, diaframu ya upande huo imetoboka, huna haja ya kutafuta zaidi. Upande wa pili kuna diaframu ya pampu, inayochezeshwa na mapigo ya presha kutoka kwenye kasha la krenki, sehemu ya chini ya injini. Hiyo ikitoboka huoni tone nje. Petroli inapitia kwenye njia ya mapigo na kuingia ndani ya injini, moshi unakuwa mwingi, plagi inalowa kila mara.

Kabla ya kununua chochote, ipime kwa presha. Kama utanunua kifaa kimoja tu kwa ajili ya chenso, nakusihi kiwe pampu ndogo ya mkono yenye geji. Vuta mpira wa mafuta kupitia mdomo wa tangi, toa chujio lake, unganisha pampu hapo, pandisha mpaka karibu 0.5 bar. Mshale ukitulia dakika nzima, mpira na sindano ni vizima. Ukishuka, ondoa mpira, unganisha pampu moja kwa moja kwenye kinywa cha kabureta na urudie. Ukitulia sasa, mpira ndio mbovu. Ukiendelea kushuka, fungua kifuniko cha diaframu, dondoshea oili kidogo pale sindano inapokaa, na utazame mapovu. Ningekuwa na pampu hiyo mwanzoni, ule ufa wa mpira ningeupata kwa dakika tano.

Ili usikosee wakati wa kurudisha, piga picha kila hatua unapofungua, kwa sababu mpangilio wa gasketi (kile kipande chembamba cha kuziba kati ya sehemu mbili) na diaframu hauko sawa pande zote mbili. Kwenye kabureta nyingi, upande wa sindano gasketi hutangulia kugusa mwili wa kabureta kisha diaframu, na upande wa pampu diaframu hutangulia. Ukigeuza, inavuja au haiwaki kabisa. Kimo cha wenzo nacho kiwe kama kitabu cha kabureta yako kinavyosema: ukiwa juu mno sindano haifungi sawasawa, ukiwa chini mno injini inakosa mafuta. Usiivute springi ili kuiongezea nguvu. Skrubu zikaze kwa kupishana pembe, kidogo kidogo.

Zile skrubu mbili za kurekebisha mafuta, L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa, usiziguse kwa ajili ya kuvuja. Haziwezi kuziba mahali popote, na ukifunga H kupita kiasi injini inakosa petroli, na oili inayokuja nayo inakosekana pia. Pistoni inaungua.

Ukivuta kamba ukaona imegoma ghafla kama imegonga ukuta, usilazimishe. Huenda petroli imejaa ndani ya injini. Fungua plagi, elekeza tundu lake mbali na uso wako na mbali na kofia ya plagi, kisha vuta taratibu mpaka itoke yote. Acha wazi ikauke kabla ya kuwasha.

Mafuta yenye ethanoli na yaliyokaa miezi ndiyo huua mipira hii mapema. Mimi huchanganya kidogo kinachonitosha, 20 ml za oili kwa lita moja ya petroli kwa mashine ya 50:1 (sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili), na chenso ikienda kupumzika zaidi ya mwezi namwaga tangi na kuiacha iwake mpaka izime yenyewe.

Nikishamaliza matengenezo naijaza nusu tangi, naiweka juani robo saa ili tangi lipate presha, kisha naihamishia kivulini juu ya kadibodi mpya, mbali na nyumba, mpaka asubuhi. Nikirudi nanusa kwanza. Halafu nanyanyua chenso, nageuza kadibodi kwenye mwanga, napitisha kiganja pale kabureta ilipokuwa.