Betri ya Keekee ya Barafu: Acheni Kuhesabu Mashimo

Wadogo zangu wa Minnesota, Marekani, kila baridi ikiingia swali ni lile lile: betri ya keekee, ile drili ndefu ya kutoboa barafu ya ziwa tupate kuvua samaki, inatoboa mashimo mangapi? Halafu nikifika ziwani nawakuta betri mmeilaza juu ya theluji, themosi ya chai mmeifunika koti. Chai ndiyo iliyovishwa! Haya, sogeeni, nisirudie kila mwaka.

1. Hesabu inchi za barafu. Shimo la Desemba kwenye inchi 12 na shimo la Februari kwenye inchi 24 si ndugu. Betri ile ile, mashimo yanapungua nusu hata kabla baridi haijachukua chake. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutangaza jumla ya inchi ambazo betri inatoboa, tena inchi za betri mpya na nyembe mpya. Ukitaka kulinganisha dukani, zidisha volti kwa ampea-saa: volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, ndicho kiasi cha umeme kilichomo. Ile inayouzwa kwa jina la volti 40 hesabu yake ni 36, maana 40 ni siku imejaa pomoni tu. Ikiwa na ampea-saa 4, una wati-saa 144.

2. Upana wa shimo ndio mlaji mkubwa. Zidisha upana kwa wenyewe uone barafu ya kukata inavyoongezeka: inchi 6 inakupa 36, inchi 8 inakupa 64, inchi 10 inakupa 100. Crappie, samaki mdogo wa kikaangoni, hahitaji shimo la inchi 10. Kuna mmoja wetu, anajijua, alinunua ya 10 kwa sababu ya pike, samaki mkubwa, aliyemwona kwenye video. Sasa kila tukitoka ndiye wa kwanza kuazima betri.

3. Usichaji betri iliyoganda. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na mazoea ya kuacha betri kwenye pikapu usiku kucha, nje Selsiasi 20 chini ya sifuri. Alfajiri naichomoa, imeota ukungu mweupe wa barafu, naichomeka moja kwa moja gereji isiyo na hita. Chaja ya maana ingegoma, ingekaa ikisubiri betri ipate joto. Yangu ilikuwa ya bei ya chee, na nilitamba sana kwamba nimeokoa pesa. Ikachaji tu, msimu mzima.

Betri ya lithiamu hustahimili kutumika kwenye baridi, ingawa nguvu inapungua. Kuchajiwa chini ya sifuri ndiko kunakoiua: lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafiti, ile kaboni iliyomo ndani ya betri, inajibandika juu yake ikawa metali, na sehemu yake hairudi kazini tena. Na kwa nje huoni kitu. Taa zote nne za kuonyesha chaji zinawaka.

Basi nikawapeleka mashemeji ziwa Mille Lacs, nimewaahidi samaki aina ya walleye. Nabonyeza triga, keekee inazama kidogo, inaguna, inazima. Natazama betri: taa moja. Naiachia ipumzike, natazama tena: taa tatu. Nikaapa kwamba kosa ni la nyembe. Nikazibadilisha palepale, vidole havihisi kitu, skrubu moja ikapotelea kwenye theluji, wageni wamesimama wanapiga miguu chini. Ikazima tena. Shemeji mkubwa akauliza kwa upole ulioniuma zaidi ya tusi, "Shemeji, hii haina kamba ya kuvuta, kama zile za petroli?" Tukamaliza shimo kwa mtaimbo, tukavua kwa zamu.

Zile taa hupima volti. Betri iliyochoka ikipewa kazi, volti inaporomoka, kinga yake inakata; ukiiachia, volti inapanda na taa zinakudanganya. Ipashe joto kwanza uijaribu upya. Ikifufuka, ilikuwa baridi tu. Ikiendelea kuzima, na nyembe ni kali, usihangaike nayo, nunua nyingine.

4. Betri ikae mfuko wa ndani wa koti, au kwenye kikasha cha kutunza joto pamoja na chupa ya maji ya moto. Iingize kwenye keekee wakati wa kutoboa, ukimaliza irudishe.

5. Nyembe butu zinakula betri. Na shimo la zamani lililoganda usilipanue kwa nyembe za kukwangua, zitang'ata ukingo, keekee ikuzungushe mkono. Toboa jipya kando.

6. Barafu ikiondoka Aprili, betri iingie ndani ya nyumba ikiwa na chaji ya nusu hivi. Joto la gereji ya Julai linaichosha vilevile, hasa ikiwa imejaa.

7. Mnaotumia drili ya kawaida kuzungusha keekee, shikeni mpini wa pembeni kwa mkono wa pili, na ivisheni keekee ile sahani ya plastiki kwa juu ili ikichomoka isipite shimoni. Anayebisha akaulize walleye wa Mille Lacs wanamiliki drili ngapi.