Visu vya randa ya mashine: pima kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza uchukue visu vya HSS (chuma cha pua kigumu cha vifaa vya kukatia) au kabaidi (kigumu zaidi ya HSS) kwa randa yako ya umeme ya inchi 6. Kwa paini na mninga, HSS inatosha, tena utanoa mwenyewe. Mvule ndio mtihani: ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa, kisu kikigusa tu kinapata pengo. Hapo kabaidi inalipa, ila ikikutana na msumari inamegeka, na kuinoa kunataka jiwe la almasi.

Chomoa plagi, toa kisu cha zamani, pima urefu, upana na unene. Halafu badilisha vyote pamoja. Mimi nilichanganya kimoja kipya na viwili vikuukuu, ubao ukatoka na mawimbi kama bati!