Mzinga wa gogo bado una kazi

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kuhifadhi mizinga ya magogo wakati mizinga ya masanduku inatoa asali safi na nyingi. Haja ipo, tena kubwa. Waangalie Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Mzinga wao ni gogo la mtarakwa lililopasuliwa na kukombwa ndani, kisha likatundikwa juu mtini. Mtarakwa hauozi upesi, ndiyo maana wanauchagua.

Lakini gogo lenyewe ni sehemu ndogo tu. Msitu waligawana kiukoo, kuanzia maeneo ya chini hadi ya juu, kwa sababu miti haichanui pamoja. Maua yakiisha bondeni, mrinaji anapanda mlimani. Huo ujuzi wa mti gani unachanua lini, na wapi, ndio ninaouhofia, maana hauuzwi pamoja na sanduku. Asali hiyohiyo huingia kwenye mahari, matambiko na dawa.

Ukiwatoa watu msituni, ufundi unakufa hata ukijaza mizinga makumbusho. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kuwa kuwatoa Waogiek msituni kulivunja haki zao, ikiwemo haki ya utamaduni.

Kwa hiyo tumia masanduku ukitaka, sikukatazi. Ila kwanza keti na babu yako, mrekodi kwa simu akitaja miti na miezi yake kwa lugha yenu.